Kizibao cha Baba Mkubwa

Najifunza ushonaji Mugumu. Juzi nilipewa kazi ya kumshonea baba mkubwa kizibao cha kubana, cha kuchezea ngoma. Fundi wangu alisema kikimkaa vizuri, nitashona vya kikundi chote.

Shida ilikuwa kumpima. Kwetu kijana hamzungushii mzazi wake mikono kifuani, na mimi hata shikamoo huitoa chini chini. Nikaona futi ya kupimia haina haja. Nilimjua tangu akinibeba mgongoni kwenda kwenye ngoma Nyambureti, nimeshikilia yale mabega yake mapana. Nikakata kitambaa huku natabasamu.

Siku ya ngoma nyuzi za litungu zikaanza kulia. Baba mkubwa, ambaye uzee umemkausha, akatikisa mabega, kizibao kikabaki kimetulia. Akageuka, chenyewe kikachelewa kugeuka.

“Humo ndani mko wangapi?” mama mkubwa akamuuliza. Watu wakacheka, na fundi wangu akiwa pale pale.

Baba mkubwa akaja mpaka niliposimama, ameshika kitambaa kilichozidi kwa mikono miwili.

“Mwanangu, ulinipima lini?”

Nikaangalia chini. “Nikiwa darasa la pili, baba.”