Mibono ya Mama Mkubwa

Mimi siupendi mwashoki. Niliusema ubaya wake kwenye kikao cha kwanza kabisa cha kamati, na nitausema tena leo. Mti umesimama wima, majani umeyabana ubavuni, kivuli chake hakimtoshi hata kuku. Sisi wa Handeni jua letu tunalijua. Ukitupandia mti usio na kivuli umetupandia nguzo ya umeme isiyo na waya.

Bwana Miti wa mji, kijana mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka kanda ya ziwa, alikuwa amekuja na picha kwenye simu yake: barabara ya lami, miashoki imejipanga pande zote mbili. Alisema mji ukiwa hivi unapendeza. Nikamwambia, "Baba, unapendeza kwa aliye ndani ya gari. Sisi tunatembea." Watu wakacheka, naye akacheka, kikao kikaendelea. Tulikuwa kamati ya mtaa ya kuchagua miti ya kando ya barabara inayotoka stendi, pamoja na uzio wa kiwanja cha wazi kilicho mwisho wake, ambacho kilitakiwa kigeuzwe bustani ya kupumzikia. Mimi niliingizwa humo kwa sababu duka langu linatazamana na kile kiwanja, na kwa sababu, walivyosema wenyewe, afadhali niseme ndani ya kikao kuliko nje.

Tulibishana vizuri. Mkaratusi tuliukataa mara moja, maana unakunywa maji, na maji yenyewe tunayatafuta kwa ndoo. Mkrismasi ulipata watetezi kwa ajili ya maua yake mekundu, mpaka fundi cherehani mmoja alipokumbusha tawi lililovunjika bila hata upepo na kuangukia banda lake. Mwishowe tukakubaliana mijohoro barabarani na miarobaini kwenye kona za kiwanja. Kwa uzio hatukupatana. Bwana Miti alitaka kichaka ambacho mbuzi hali na ambacho hakidai maji, na kila tulichotaja kilikuwa na kasoro. Tukaliacha hilo kiporo.

Kabla hatujatawanyika, mama yangu mkubwa aliomba kusema. Ni dada yake mama, mtu mzima sana sasa, anaishi kijijini, njia ya kwenda Korogwe, na siku hiyo alikuwa amekuja mjini kwa ajili ya dawa ya miguu. Alisimama akiwa ameshikilia khanga yake.

"Mimi sina neno na miti yenu," alisema. "Pandeni. Naomba tu mibono yangu ibaki."

"Ipi hiyo, bibi?" Bwana Miti aliuliza.

"Ile miwili, kule kiwanjani."

"Hakuna shida, bibi. Itabaki. Mti uliokwisha kuota sisi hatuui."

Mama mkubwa akamshukuru, akaketi. Wenyeji wote waliokuwa pale waliinamisha macho. Wageni hawakuona kitu, wakaanza kukusanya viti.

Mbono alioujua Bwana Miti ni ule wa mbegu za mafuta, waliofundishwa wakulima kwamba utawatajirisha, wakaupanda na utajiri haukuja. Huku kwetu jina lake kamili ni mbono kaburi. Ukimaliza kuzika unakata fimbo mbili za mbono, moja unaichomeka kichwani, nyingine miguuni. Haihitaji mizizi wala maji, inashika yenyewe. Mbuzi wanaipita. Kiangazi inabaki vijiti, unaweza kuapa imekufa, kisha mvua ya kwanza inakuta macho ya kijani kila mahali. Mwenye uwezo atajengea kaburi lake saruji. Wengi wetu alama yetu ni hiyo.

Kile kiwanja kilikuwa shamba la babu kabla mji haujatufikia. Mama mkubwa alizaa mara moja tu maishani. Mtoto hakufika siku ya kutolewa nje, hakuwa hata amepewa jina, na zamani zile mtoto wa namna hiyo alizikwa na wanawake, bila matanga, bila kuwaita watu. Hatajwi. Hata sisi tuliokulia nyumba moja hatukuthubutu kusema kaburi la mtoto wa mama mkubwa. Tulisema mibono. "Mama mkubwa ameenda kwenye mibono." Kila mwezi wa Shaabani, watu wanapozuru makaburi yao kabla ya kufunga, yeye alikuja na kijembe kifupi, akapalilia katikati ya ile miwili, akasoma dua, akarudi kijijini na gari la mchana. Mume alishamwacha kitambo kwa sababu ya utasa, kama walivyouita. Cha kwake duniani kilikuwa kile kipande cha ardhi kisichozidi urefu wa mkono.

Jioni ile nyumbani nilimshambulia. Nilimwambia, "Mama mkubwa, yule kijana si wa huku. Mwambie wazi."

"Nimemwambia mibono. Mtu mzima akiambiwa mibono anaelewa."

"Kwao huenda hawaelewi. Basi nitamwambia mimi."

Akanikazia macho. "Humtaji mwanangu kwenye vikao vya wanaume. Sijamtaja mimi niliyemzaa, umtaje wewe?"

Nikanyamaza. Kwa mama yako mkubwa unanyamaza. Lakini sikulala vizuri, na tangu siku ile kila nilipofungua duka jicho langu lilikwenda kwanza kwenye ile mibono. Siku moja nilikuta mstari wa chokaa umepigwa kiwanjani, mweupe, umenyooka, na ulipita hatua chache tu kutoka pale. Nikamwendea Bwana Miti. Nikamwambia ile mibono ni ya heshima, asithubutu kuigusa mtu. Akaweka mkono kifuani. "Mama, nimekuelewa. Ni ya heshima. Nimeahidi mbele ya kikao."

Alisema kwa moyo safi, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Mtu mbaya unamchunga. Mtu mwema anayekubali haraka utamchungaje?

Kamati ikanituma Korogwe kuchagua miche ya mijohoro kwenye kitalu kimoja upande wa Makuyuni, kwa kuwa nina jicho la ukali hata kwa miche. Nilikataa, wakasema basi atakwenda mtu mwingine na atatuletea vijiti. Nikaenda. Miche ilikuwa mizuri, lakini lori la kutubebea lilikuwa limepelekwa Magoma kubeba mahindi, na tukaambiwa tusubiri lirudi. Nikalala kwa jamaa zangu, nikalala tena. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya milima ya Lutindi, na kila mtu alifurahia kuwa vuli inakuja, isipokuwa mimi, maana vuli ndiyo waliyokuwa wakiisubiri waanze kupanda.

Nikampigia Bwana Miti. "Mibono ipo?"

"Ipo, mama! Tena suala la uzio limekwisha. Utafurahi mwenyewe."

"Uzio gani?"

"Usijali. Ukija utaona." Nyuma yake nilisikia mashine ikinguruma, halafu simu ikakatika, na nilipopiga tena haikupatikana.

Tukaanza safari ya kurudi. Mashamba yalikuwa yamechomwa kusubiri mvua, meusi mpaka miguuni mwa vilima, na moshi ulikuwa bado unatoka kwenye visiki. Dereva aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia naumwa.

Tulipofika stendi nilishuka kabla lori halijasimama sawasawa. Greda lilikuwa limepita. Kiwanja chote kilikuwa kimesawazishwa, hakuna kichuguu wala njia ya miguu wala kile kisiki tulichokuwa tukikalia, udongo mwekundu umelala kama chapati. Kukizunguka, kwenye mstari wa chokaa, palikuwa na vijiti. Vimechomekwa karibu karibu, vimekatwa urefu mmoja, upande hadi upande. Nikakijua kile kijiti kwa ganda lake. Utomvu ulikuwa umechuruzika na kukauka kwenye kila ncha.

Bwana Miti alinikimbilia, mikono yake imejaa madoa ya utomvu, uso umejaa furaha. "Greda lisingeweza kuizunguka, mama. Ila nilikumbuka ahadi. Tuliing'oa taratibu na mizizi yake, matawi tukayakata pingili. Haujafa hata mmoja. Imeongezeka! Mbuzi hawali, maji haitaki, na bibi ameupa mji mzima uzio. Mashina yenyewe mawili tumeyaweka getini, moja huku, moja huku. Yakae kwa heshima."

Nilitazama lile geti. Mtu akiingia bustanini sasa anapita kati ya mbono wa kichwani na mbono wa miguuni. Nilirudi dukani nikafunga mlango, nikakaa juu ya gunia la mchele, nikalia kwa hasira mpaka shingo ikauma.

Mvua ilinyesha wiki ile. Yote ikachipua.

Hapo sasa wenyeji wakaanza kusema, lakini kwa pembeni, kama kawaida yetu. Wazee wetu wanasema mbono usio na kaburi unalingoja, na pale palikuwa na mibono inayotosha mtaa mzima. Mama anayeuza chai alihamisha meza yake upande wa pili wa barabara. Mabenchi yakawekwa, ya saruji, mazuri, yakakaliwa na wasafiri tu. Watoto waliitwa kwa fimbo warudi nyumbani. Bwana Miti aliniuliza kwa nini watu hawaji, nikamwambia aende kwa imamu akaulize maana ya jina la mti wake. Alirudi amepauka. Hakuniuliza kaburi ni la nani, nadhani alishaambiwa. Aliniuliza tu, "Lilikuwa wapi hasa?"

Tukatafuta. Wallahi tulitafuta. Mimi niliyekulia pale nilisimama nikasema ni hapa, usawa wa mlango wa duka langu. Jirani yangu akasema hapana, ni kule, karibu na benchi la katikati. Mzee mmoja aliyelima na babu akatuonyesha mahali pengine kabisa, halafu akabadili, halafu akasema greda limemchanganya. Kumbe miaka yote sikuwa nimetazama ardhi. Nilikuwa nimetazama miti.

Mwezi wa Shaabani ukaandama. Nikamtumia mama mkubwa salamu kwamba njia ni mbaya, apumzishe miguu, nitakwenda mimi kumwona kijijini. Nilitaka nimwambie mwenyewe, ndani, mlango umefungwa. Nilikuwa nimepanga mpaka maneno. Lakini asubuhi moja, nikiwa nampimia mteja sukari, nilimwona ng'ambo ya barabara na kijembe chake ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa ameshuka stendi na hakupitia kwangu.

Nilipomfikia alishafika getini, na alikuwa anatabasamu. Mibono miwili ilikuwa na majani mapana, mabichi. Bwana Miti, ambaye alikuwa ndani anamwagilia miarobaini, aliweka ndoo chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki. Umeiacha."

Akachuchumaa kwa tabu, akaanza kupalilia pale katikati ya geti. Nikamwita, "Mama mkubwa." Hakusikia, au hakutaka. Alipiga jembe mara kadhaa, kisha akapunguza, kisha akaacha. Akaushika ule udongo, akauachia. Akainua kichwa akatazama barabara iliyo karibu mno na mgongo wake, akatazama mabenchi, akaufuata uzio kwa macho, mbono kwa mbono, taratibu, mpaka macho yakamrudia pale alipoanzia.

"Hapa si pake," alisema.

Nilimshika bega, akautoa mkono wangu, si kwa ukali. Akasimama, akamgeukia Bwana Miti, na neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake akalitamka mbele ya watu wa stendi, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Kaburi la mwanangu, baba. Liko wapi?"

Yule kijana akanitazama mimi. Mimi nikatazama kile kiwanja kilichosawazishwa, na sikuwa na pa kuonyesha.

Bwana Miti alimsihi aingie, akae kwenye benchi, apewe maji. Mama mkubwa aliinua mguu kama anayeingia, akaurudisha. Akatazama ardhi iliyo mbele yake. Nikaelewa kwamba hawezi. Popote atakapoweka mguu mle ndani panaweza kuwa ndipo alipo.

Akavua kandambili akasoma dua yake palepale nje, ukingoni mwa lami, na bodaboda zikawa zinampigia honi apishe njia.