Bunduki ya Bega la Kushoto

Duka la kwanza nililoingia, pale Plano, Texas, lilikuwa limepanga bunduki katikati ya fimbo za kuvulia samaki na viti vya kukunja. Hakukuwa na mlinzi wala mlango wa chuma. Mama mmoja alisimama kando yangu na toroli lenye maji ya chupa na chakula cha mbwa, akasema anatafuta zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mume wake, na muuzaji akaishusha bunduki ukutani kama mtu anayeshusha koti. Nilitoka nje nikakaa ndani ya gari mpaka mapigo ya moyo yakatulia.

Kwetu Tanga bunduki niliyoijua ilikuwa moja tu, ya askari wa benki, na nilikuwa navuka barabara ili nisipite mbele yake. Sikuwahi kudhani nitakuja kuitaka ya kwangu.

Aliyenitia tamaa ni jirani yangu wa Cedar Hill, dereva wa malori, mtu wa Mombasa. Siku za mapumziko yeye na mkewe huenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha, nje kidogo ya Fort Worth, kama watu wengine wanavyokwenda ufukweni. Walinialika mara nyingi na kila mara nilipata kisingizio. Siku nilipokubali, nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka na kichwa changu. Kazi yangu ni kukagua madai ya bima na kutafuta makosa, na nikirudi nyumbani naendelea kuyatafuta: kwenye ujumbe niliotuma asubuhi, kwenye salamu niliyomjibu mtu vibaya juzi, kwenye namna nilivyocheka. Nililala vibaya. Nilikula nikiwa nimesimama.

Jirani alinipa bunduki yake ndogo, ile inayotumia risasi nyembamba kama kipande cha kalamu. Akanionyesha jinsi ya kuvuta bolti, yaani kile chuma cha ubavuni kinachoingiza risasi na kutoa ganda. Nilitegemea kupigwa teke begani. Haikunipiga. Ililia kidogo, kama mlango wa kabati unaofungwa kwa haraka, na kwenye karatasi ya mbali pakatokea tundu. Kilichonishtua si sauti. Nilishtuka kwamba tangu nilipopumua mpaka nilipofyatua, sikuwa nimefikiria kosa lolote.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua kununua ya kwangu, na kwa kuwa sijui kufanya jambo nusu, nikaanza kujisomesha. Kwa majuma mengi nilitazama video za wazee wa Kitexas wakieleza tofauti za mitutu. Nilifungua kurasa nyingi kwenye simu hadi simu ikawa inapata moto. Nilijua kwamba kwa mtu wa kipato changu risasi ndogo ndiyo jibu, kwa sababu bunduki unainunua mara moja lakini risasi unazinunua kila wiki. Nilijua kwamba ya bolti inamfundisha mwanafunzi subira, maana kila risasi ni lazima uitafutie nafasi yake. Nilijua kwamba ni afadhali kuweka akiba kwenye darubini nzuri kuliko kwenye kitako cha mbao cha kupendeza. Uwezo wangu ulikuwa wa bunduki moja. Nikikosea, ningekaa na kosa hilo miaka, na mimi si mtu wa kukaa na kosa hata siku moja.

Kisha nikafanya jambo ambalo mimi hulifanya kila mara, nikampigia shangazi simu kumweleza.

Shangazi ni dada wa baba yangu. Ndiye aliyenilea Tanga mpaka alipoondoka kuja Marekani. Mimi nilikuja baadaye, kwa bahati nasibu ya kadi ya kijani, ile ya ukaazi. Anaishi Missouri City, upande wa Houston, na anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Sina ndugu mwingine nchi hii. Idi naila kwake. Nikiugua naugulia kwake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ukinunua bunduki, usinikanyagie mlango wangu."

"Shangazi, ni ya kutoboa karatasi tu."

"Karatasi nunulia kitoboleo cha ofisini. Mimi nimesema."

Akakata. Nilibaki nimeishika simu sikioni. Shangazi amewahi kunifokea mara nyingi, lakini kunifungia mlango, hapana, haijawahi kutokea.

Ningeacha hapo. Nakiri kwamba niliacha, siku kama nne hivi. Lakini usingizi ulirudi kuwa mbaya, na Jumamosi iliyofuata jirani aliponigongea nikatoka nimeshavaa viatu. Dukani Plano nilikuwa nimeshawaomba waniwekee moja, mpya, ya bei nafuu, ile niliyoichagua baada ya kusoma kote kule. Nilitaka tu kufanya mazoezi kwa ile ya jirani kabla ya kulipa, nione kama nastahili.

Sikustahili. Matundu yalitawanyika kwenye karatasi kama punje za mtama zilizomwagika. Nilirekebisha miguu, nikarekebisha pumzi, nikarekebisha vidole kama video zilivyosema. Yakazidi kutawanyika. 

"Dada," jirani akasema nyuma yangu, "wafunga jicho lipi hapo?"

"La kushoto. Si ndivyo inavyotakiwa?"

"Mbona wajikunja uso kama uliyelamba ndimu? Hebu weka chini."

Alinifanya ninyooshe mikono na kuunda tundu dogo kwa viganja, nitazame nguzo ya mbali ndani ya lile tundu kwa macho yote mawili, kisha nifunge jicho moja moja. Nilipofunga la kulia, nguzo ilibaki palepale. Nilipofunga la kushoto, nguzo ilitoweka.

Jirani akamtazama mkewe, wakaanza kucheka.

"Wabongo nyinyi," akasema. "Hata kulenga mwapiga hodi kwa mlango wa jirani. Jicho lako lenye nguvu ni la kushoto. Wewe ni mashoto."

"Mimi si mashoto. Naandika kwa kulia. Nakula kwa kulia."

"Nani alokwambia ule kwa kulia?"

Nilihamisha kitako kwenda bega la kushoto. Lilikaa. Sijui namna nyingine ya kusema. Lilikaa kama mtoto anavyokaa kiunoni mwa mtu aliyezoea kubeba watoto. Jicho likafika kwenye darubini lenyewe, bila kujikunja. Nikafyatua, nikavuta bolti kwa shida kwa kupitisha mkono juu ya bunduki hadi upande wa kulia, nikafyatua tena. Karatasi ilipoletwa, matundu yote yangefunikwa na kifuniko cha chupa ya soda.

Mke wa jirani alipiga makofi. Mimi nililia. Nilijifanya ni moshi, ingawa risasi ile haina moshi wa kumliza mtu.

Nina miaka ishirini na minne. Nilikuwa naitazama mikono yangu kama mikono ya mtu niliyekutana naye kituoni. Na nililokumbuka, pale pale kwenye benchi, ni kipande cha kanga. Shangazi alikuwa na kipande cha kanga cha zamani, chekundu, ambacho wakati wa kula alinifungia mkono wa kushoto mgongoni mpaka sahani iishe. Hakuwa mkali akifanya hivyo. Alikuwa anaimba. Nikishamaliza alikifungua na kunipaka mate kwenye alama.

Bunduki niliyowekewa Plano ilikuwa na bolti upande wa kulia, kama zote nilizokuwa nimezisoma. Wiki zote zile sikuwahi kujiuliza swali la kwanza kabisa: mimi ni wa mkono upi. Niliwapigia kuwaambia wairudishe ukutani. Za watu wa kushoto ni chache, na mpya zina bei yake. Nilitafuta mpaka nikaiona moja, iliyotumika, kwenye duka dogo la Houston, mwendo mfupi kutoka kwa shangazi.

Nilishuka barabara kuu namba arobaini na tano kuelekea Houston nikiwa na mpango. Ningepita dukani kwanza, niitazame, kisha niende kwa shangazi nikale, nisiseme kitu. Mpango ulidumu mpaka nilipofika Houston. Nilijikuta nimepaki mbele ya nyumba yake.

Alikuwa jikoni anamenya vitunguu saumu kwa ajili ya pilau.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umenunua?"

"Bado."

"Bado hujanunua, au bado hujapata akili?"

"Yote mawili."

Alitaka kucheka akajizuia. Nikakaa kwenye stuli, nikamweleza. Nilianza na jicho, nguzo na karatasi. Niliposema bega la kushoto, kisu chake kilisimama.

"Kushoto?"

"Ndiyo."

"Unapiga kwa kushoto."

"Ndiyo, shangazi."

"Mbele za watu?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kutetea bunduki, nina majibu yangu yote, kuhusu kabati la chuma, kufuli, na risasi kuwekwa mbali na bunduki. Kumbe kilichomshtua mtu huyu ni mkono. Aliweka kisu, akanawa, akajifuta kwa taulo, akachukua mtandio wake nyuma ya mlango.

"Twende," akasema. "Nikakione hicho kitu."

Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani. Alimtazama shangazi na mtandio wake, na mimi nyuma yake, akatuuliza tunahitaji nini kama anavyomuuliza kila mtu. Nilitaja ile ya kushoto. Akaitoa, akafungua bolti, akatuonyesha kwamba ndani hamna kitu, akanipa.

Ilikuwa na kitako cheusi cha plastiki kilichochubuka. Haikuwa nzuri. Nilielekeza mtutu ukutani kama alivyoniambia, nikaiweka begani. Mkono wa kushoto ukaikuta bolti mahali inapotakiwa kuwa. Ikaenda mbele na kurudi. Sikulazimika kupitisha mkono juu ya kitu chochote.

"Ya kwako hiyo," muuzaji akasema.

Shangazi hakuwa anaitazama bunduki. Alikuwa anautazama mkono. Alisogea karibu, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, kama tuko peke yetu.

"Nilikuwa nakufunga."

"Kwa kanga."

"Ulikuwa unalia?"

"Sikumbuki."

Nakumbuka. Nilikuwa nalia siku za mwanzo, baadaye nikazoea, na baada ya kuzoea nikawa mtoto hodari anayesifiwa na wageni kwa kula vizuri. Lakini alivyokuwa ananitazama pale dukani, nisingeweza kumwambia. Sijui kama ule ulikuwa uongo au adabu.

Shangazi alivuta pumzi. Kisha akamgeukia muuzaji, akaweka kidole kwenye kitako.

"Hii imechubuka," akasema kwa Kiingereza.

"Ndiyo, imetumika," muuzaji akajibu.

"Imechubuka sana. Nani mwingine ataichukua? Watu wa kushoto wako wangapi hapa?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Nilimnong'oneza kwamba huku hawapunguzi bei.

"Nani kakwambia? Umeuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Katika wiki zote za kusoma, hilo nalo sikuliuliza. Shangazi alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mkoba mapajani, akaanza. Alitaja bei yake. Muuzaji akacheka. Shangazi hakucheka. Alisifu duka, akasikitikia mchubuko, akasema mimi ni binti wa kaka yake na sina mama huku zaidi yake. Akasimama kana kwamba tunaondoka. Nilipoanza kuondoka kweli alinivuta nguo. Mwisho muuzaji alipunguza, si sana, akaongeza na begi la kubebea, akisema kwamba tangu afungue duka hajauziwa bunduki yake mwenyewe na mteja.

Nilijaza fomu. Muuzaji akapiga simu serikalini kuulizia kama nina makosa ya jinai. Sina, lakini nilisubiri kama aliyeua. Aliposema nimepita, nilishtuka kuliko ambavyo ningeshtuka kukataliwa.

Nikabaki nimeshika begi tupu mkononi, na bunduki iko kaunta, na sikujua la kufanya. Mlango wa shangazi ulikuwa bado umefungwa kwa bunduki, kama alivyosema kwenye simu. Kuilaza kwenye gari usiku kucha Houston nisingethubutu. Ningeendesha kurudi Cedar Hill jioni ile ile, bila kula.

Shangazi alimuuliza muuzaji kama kesho wanafungua. Wanafungua.

"Basi ilale hapa. Ataipitia akiondoka."

Tulipokaribia nyumbani alinigeukia ndani ya gari.

"Kwangu haiingii," akasema. "Leo wala Idi."

"Sawa, shangazi."

"Wewe unaingia."

Pilau lilichelewa. Alipakua kwenye sinia, tukakaa mkekani, yeye upande ule, mimi huku. Nilikuwa na njaa ya siku nzima, na mwili ulikuwa bado na hisia za kule dukani. Mkono ukaenda wenyewe. Vidole vilikuwa vimeshafika kwenye wali ndipo nilipoona ni vya kushoto.

Shangazi aliushika mkono wangu wa kushoto kwa kiganja chake, bila nguvu, akaurudisha gotini kwangu. Hakuuachia mara moja.

"Bunduki nimekubali," akasema. "Wali, hapana."

Nikala kwa kulia. Yeye aliendelea kuniwekea nyama upande wangu wa sinia, na kila baada ya muda niliona anautazama ule mwingine, uliotulia pale gotini, bila kufungwa na kitu.