Ukimya wa Nyumba ya Placidia

Pale Ihembe, watu walipomtaja Adventina walisema ni yule binti wa Placidia anayeshinda ndani. Hawakusema kwa ubaya. Lakini kijijini ambako kazi ni jembe, mundu na kuanika kahawa, mwanamke mwenye afya zake anayejifungia chumbani tangu asubuhi, kisha jioni anatoka macho mekundu na mikono misafi, lazima watu wajiulize.

Kazi alikuwa nayo, tena ya kuchosha. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilimtumia kwa mtandao sauti za watu waliohojiwa: wakulima wa Mbeya, akina mama wa kliniki za Singida, madereva wa malori. Alivaa hedifoni, akasikiliza, akaandika neno kwa neno. Mchana kutwa alikuwa na watu masikioni. Alijua wanavyokohoa, wanavyocheka kabla ya kusema uongo mdogo. Kulikuwa na mzee mmoja wa Tabora aliyeulizwa habari za mbegu za mahindi, akajikuta anasimulia jinsi mkewe alivyofariki. Adventina aliandika sehemu ile, halafu akairudia tena na tena, ingawa kazi haikuhitaji. Alipovua hedifoni, nyumba ilikuwa kimya, na kati ya watu wote wale hakuna hata mmoja aliyejua kwamba yeye yupo duniani.

Alikuwa amerudi kutoka Mwanza baada ya mama yake kuteleza migombani na kuvunjika nyonga. Ndoa yake huko Mwanza ilikuwa imekwisha, mtoto hakujaliwa, na kaka zake walikuwa na familia zao. Nani mwingine angerudi? Mama akapona kiasi cha kutembea kwa mkongojo, Adventina akabaki. Siku zao zikawa zinafanana. Uji asubuhi, kisha yeye chumbani. Mchana ndizi na maharage, kisha yeye chumbani. Placidia, ambaye zamani akiita kuku wake alisikika hadi barabarani, sasa alikuwa mtu wa kunong'ona. Hata kuku wenyewe hawakuwapo tena. Adventina alidhani ni uzee pamoja na ile ajali. Ilimuuma, lakini alijiambia, ndiyo maana niko hapa.

Kisha akapigiwa simu na Celestin, aliyewahi kufanya kazi naye Mwanza. Sasa alikuwa mkuu wa ofisi moja ya utafiti wa kilimo huko Bukoba.

"Adventina, nina nafasi. Nataka mtu wa kuwasimamia hawa vijana wanaoandika mahojiano. Mshahara ni mzuri, huo unaoupata huko haufui dafu. Na bima ya afya juu. Ila ni lazima uwe hapa ofisini."

"Nina mama mgonjwa, Celestin."

"Najua. Njoo uone kwanza. Kuona si kusaini."

Siku kadhaa alizipima zile kazi mbili. Nyumbani halipi kodi, anakula ndizi za shamba lao, hana bosi wa kumkodolea macho. Lakini mawingu yakitanda sola haichaji, kazi inalala, naye anakaa akitazama ukuta. Bukoba kuna mshahara wa uhakika na kuna watu. Kila mara alipofika kwenye neno hilo, watu, alijisikia aibu, kama mtoto anayetamani kitu cha jirani. Kisha alimkumbuka mama, na mambo yote yakaishia hapo.

Alimwambia wakati wa chakula cha mchana. Placidia aliacha mkono sahanini.

"Bukoba si mbali," alisema kwa sauti yake ndogo.

"Ni mbali kwa mtu anayesaidiwa kuoga, mama."

"Mbona siku hizi naoga mwenyewe?"

Ilikuwa kweli. Adventina hakuweza kukumbuka ni lini alimsaidia mara ya mwisho.

"Nenda ukaone," mama akasema. "Nyirabageni atakaa nami."

Nyirabageni alikuwa jirani, mjane ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka Rwanda. Alilima kashamba kake na kufanya vibarua vya watu. Alikubali mara moja.

Jumatano alfajiri Adventina alipanda bodaboda hadi Omurushaka, kisha basi la Bukoba. Ofisi ilikuwa ya kawaida tu: meza, mafaili, feni inayopiga kelele. Lakini alipofika walikuwa kwenye chai ya saa nne, wanamtania mwenzao aliyewamalizia wote senene wao, wale panzi wa kukaanga. Binti mmoja aitwaye Vero alimmiminia kikombe kabla hata hajajua yeye ni nani.

"Dada, sukari vijiko vingapi?"

Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu amuulize kitu akasubiri jibu.

"Viwili," alisema, akakipokea kikombe kwa mikono miwili.

Celestin akamwonyesha meza ambayo ingekuwa yake, karibu na dirisha. "Nipe jibu kabla ya wiki kuisha." Adventina alisema sawa, lakini moyoni alikwisha kukataa. Asingeweza kumwacha mama. Alikuwa amepanga kulala kwa binamu yake, lakini hakuwa na hamu ya kuulizwa maswali, akapanda basi la mchana kurudi.

Aliposhuka kwenye bodaboda Ihembe, jua lilikuwa bado lipo. Mlangoni kwao aliona ndala na viatu vya wanawake vimejaa. Viatu vingi namna ile humaanisha msiba. Alikimbia, mkoba ukimpiga ubavuni, na alipofika uani akasikia kicheko. Kisha sauti ya mama yake, ile ya zamani, nzito na ya juu, ikisimulia jambo kwa Kinyambo, na wanawake wakiangua kicheko tena.

Akasukuma mlango. Kelele zikakatika kama redio iliyozimwa.

"Mwanangu, umerudi," Placidia akanong'ona.

Wanawake wakaanza kukusanya kanga na rozari zao. "Shikamooni," Adventina alisema, akaitikiwa kwa sauti za chini. Mmoja akampita akimgusa bega: "Tunaondoka, binti, ufanye kazi yako."

Aliyebaki ni Nyirabageni, aliyekuwa anaosha vikombe uani. Adventina akamfuata.

"Dada, hii ni nini?"

"Ni jumuiya ya kanisa, mdogo wangu. Sala za Jumatano. Zamani tulisali hapa kwenu. Uliporudi, mama alituomba tuhamie kwingine, sasa tunasali kule juu mlimani. Alisema unasikiliza vitu vinavyotaka kimya."

"Na yeye alikuwa anasali wapi?"

"Kwa mguu ule apande mlima gani? Alikaa tu." Nyirabageni akafunika kikombe kingine. "Hata kuku alinipa mimi. Alisema wanakupigia kelele."

Adventina alimsaidia kumalizia vikombe vilivyobaki. Alipoingia ndani, mama alikuwa ameinamisha uso.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kazi. Mtu anaachaje kazi kwa sababu ya kuku?"

"Nilidhani umezeeka tu, mama."

"Nimezeeka pia." Placidia alitabasamu kidogo, kisha akashika mkongojo wake. "Si kwamba sikutaki hapa, Adventina. Usifikiri hivyo. Ila..." Akaitazama sebule iliyobaki tupu.

Asubuhi yake alimpigia Celestin, akakubali.

Alipanga chumba Hamugembe, mjini Bukoba. Kazi aliiweza, na saa nne walicheka naye pia. Lakini saa kumi na moja kila mtu alishika njia ya kwake, huyu kwa mume, yule kwa watoto, naye akanunua nyanya mbili na kiberiti akaenda kupika chakula cha mtu mmoja. Hakujuta. Ni kwamba alikuwa amezoea kudhani kuna mtu anayemhitaji, na dhana hiyo alikuwa ameiacha Ihembe.

Mwisho wa mwezi alienda nyumbani. Sebule ilikuwa imejaa, wanawake hawakushusha sauti tena. Alipewa kiti cha mbao, kile cha wageni. Alipoinuka kuosha sahani, Nyirabageni alimpokonya. "Kaa, mdogo wangu, una uchovu wa safari." Walikuwa wanazungumzia mbuzi aliyeingia kanisani wakati wa mazishi ya mtu fulani, na wote wakacheka kabla hadithi haijaisha, kwa sababu wote walikuwapo. Adventina alicheka pia, akichelewa kidogo.

Mama yake alikuja polepole na mkongojo, mkono wa pili ameshika kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyokaribishwa kila mtu atokaye mbali.

"Karibu, mwanangu. Unaondoka lini?"

"Kesho, mama. Basi la asubuhi."

"Haya. Chukua."

Alichukua punje mbili, akatia mdomoni, akasogeza kiti chake ili mwanamke mwingine apate nafasi.