Wa Arobaini na Moja

Mama yake Herieth, aliyeko Same, alikuwa ameuliza mara tatu kwa simu mwanawe anafanya kazi gani huko Kibondo, na mara zote tatu akajibiwa kwamba anaangalia foleni. Foleni ya nini? Ya ujumbe. Nani kapanga foleni? Hakuna mtu, mama, ni mifumo ya kompyuta inaandikiana. Mama akauliza kama kuna mchumba, na mazungumzo yakarudi kwenye mambo yanayoeleweka.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa hiyo hiyo. Mradi uliomwajiri ulikuwa na ghala la dawa Kibondo mjini, nyuma ya soko. Vituo kumi na vinne vya afya, katika wilaya za Kibondo na Kasulu, viliagiza hapo dawa ambazo hazikai kwenye zahanati ndogo: za kifafa, za selimundu, za watoto wachanga. Muuguzi anajaza fomu kwenye simu ya kituo, anabonyeza, tiki ya kijani inatokea. Ombi linakwenda kukaa kwenye foleni, na mfumo wa ghala unayachukua maombi moja moja, kwa mpangilio ule ule yalivyoingia. Foleni haikuwa Kibondo, wala haikuwa Tanzania. Ilikodiwa kutoka kwa kampuni ya ng'ambo, kwenye mashine ambazo wataalamu husema ziko mawinguni. Herieth aliyasomea hayo mambo, na alijua kwamba ziko ndani ya jengo fulani lenye viyoyozi vingi, jengo ambalo yeye hatalitia mguu maishani mwake.

Alichopewa yeye ni macho tu. Mwaka uliotangulia ofisa wa mkoa mwingine alifuta foleni nzima akidhani anafuta ile ya majaribio, na tangu siku hiyo watu wa wilayani wakanyang'anywa ruhusa zote. Ufunguo ukabaki kwa bosi wao, Gasper, Dar es Salaam. Kwenye skrini yake Herieth aliona namba mbili: maombi mangapi yamo kwenye foleni, na lililotangulia limekaa muda gani. Yaliyoandikwa ndani hakuyaona. Alikuwa kama mlinzi wa geti aliyekatazwa kuuliza nani anapita.

Siku za kawaida namba ile ilikuwa sifuri, au mbili, au tatu. Jumanne asubuhi alipofika ofisini, koti bado limefungwa vifungo kwa baridi, ilikuwa kumi na tisa. Lililotangulia lilikuwa limeingia Jumatatu saa nne asubuhi.

Alijua mara moja kilichotokea, na hapo ndipo hasira zilipoanza. Ombi la mbele lilikuwa na kasoro. Mfumo wa ghala unalichukua, unalikataa, foleni inalirudisha mbele pale pale, ghala linalichukua tena, linalikataa tena. Ni kama kwenye mashine ya kusaga, mtu wa kwanza amekuja na muhogo mbichi: hausagiki, naye hataki kusogea, na nyuma yake ndoo zinazidi kupangwa. Dawa ya ugonjwa huo inajulikana. Unatengeneza foleni ya pembeni, ombi likikataliwa mara tatu linatupwa huko, wengine wanapita. Herieth alikuwa ameiomba foleni hiyo ya pembeni kwa barua pepe mara mbili, mwezi wa pili na mwezi wa tano. Gasper alijibu zote kwa adabu, kwamba wazo ni zuri na litaingizwa kwenye mpango.

Akampigia Gasper. Simu haikupatikana, alikuwa safarini kwenda kwenye mafunzo nje ya nchi. Msaidizi wake akamwambia aandike tiketi, yaani ombi la msaada kwenye mfumo. Akaandika. Akapewa namba ya tiketi na maneno ya kumshukuru kwa uvumilivu, ambao hakuwa nao. Kulikuwa na jambo jingine lililomtisha: kampuni ile ya ng'ambo ilihifadhi ujumbe kwa siku nne tu. Usipochukuliwa ndani ya siku nne unafutika wenyewe, bila kelele wala taarifa kwa mtu yeyote. Kwa hiyo lile la mbele lingekufa Ijumaa saa nne, na mengine yangeanza kulifuata.

Jumatano asubuhi yalikuwa arobaini na moja. Saady, mtunza ghala, alikuwa amekaa mlangoni na madereva wake wawili wa pikipiki, wanakula karanga. Alimwambia dada Herieth kwamba wiki hii Mungu amewakumbuka Waha, hakuna anayeumwa. Herieth alitaka kumrushia kitu.

Akaamua kufanya kwa mkono kile ambacho mashine imeshindwa. Alichukua daftari, akaanza kupiga simu kwenye vituo, kimoja kimoja, kuanzia Kumsenga. Saady alimkumbusha kwamba ghala halitoi pakiti isiyo na jina la mgonjwa, hivyo Herieth akauliza kila kituo swali moja: nitajie majina ya wote uliowaombea dawa tangu Jumatatu. Wauguzi wakasoma, yeye akaandika, Saady akafunga pakiti. Kitanga aliipata saa tano. Muuguzi wa huko, mzee Tharsisi, mwenyeji wa hapo hapo na mtu wa maneno machache, alisoma majina matatu, akamshukuru dada wa mfumo, kama walivyomwita vituoni, akakata.

Kufikia saa nane mchana daftari lilikuwa na majina arobaini. Foleni ilisema arobaini na moja.

Alihesabu tena kwa kalamu, akahesabu kwa kidole. Arobaini. Saady akasema hapo kuna mtu kabonyeza mara mbili, mtandao ukisuasua watu hubonyeza mara mbili, si mambo ya ajabu. Na kweli huko nyuma yalikuwa yametokea, tena si mara moja. Herieth alipiga tena vituo vitano, vyote vikarudia majina yale yale. Alipojaribu tena Kitanga, simu haikupatikana. Madereva walikuwa wameshawasha pikipiki. Sikio lilimuuma, alikuwa hajala tangu asubuhi, na maneno ya Saady yalikuwa na akili. Akayakubali. Baadaye alijaribu sana kukumbuka kama aliyaamini kweli au alichoka tu, na hakupata jibu la kujiridhisha.

Pikipiki zikaenda na pakiti zote arobaini zikafika siku hiyo hiyo, hata za Kitanga, hata za vijiji vya mpakani kule barabara inakotisha. Alhamisi alishinda akiitazama ile namba ikipanda kwa maombi mapya, anapiga simu, anayaandika, Saady anatuma dawa. Gasper alituma ujumbe mfupi kwamba ameiona tiketi na ataishughulikia akitua.

Ijumaa saa nne na dakika chache, namba ilianza kushuka. Hamsini na tatu, arobaini, ishirini na sita, tisa, sifuri. Haikuchukua hata dakika tano. Ombi la mbele lilikuwa limetimiza siku zake nne na kufutika, njia ikawa nyeupe, na mfumo wa ghala ukayameza yote yaliyobaki. Saady alilalamika kwamba kompyuta yake inamletea watu ambao ameshawatumia dawa. Saa tano Gasper akaandika kutoka uwanja wa ndege: naona foleni imekaa sawa, kazi nzuri sana Herieth.

Herieth alikaa kwenye meza ya Saady, akaweka daftari pembeni ya kompyuta, akalinganisha. Kila jina aliloliandika lilikuwepo, na kila jina lilikuwepo mara moja tu. Hakuna mtu aliyebonyeza mara mbili. Wa arobaini na moja alikuwa mtu kweli, na alikuwa ndiye wa kwanza.

Siku ile nzima alipiga simu upya, na sasa hakuuliza majina. Aliuliza hesabu. Kituo baada ya kituo, hesabu zilikubaliana na daftari lake. Kitanga hawakupatikana mpaka Jumamosi asubuhi.

"Mzee Tharsisi, tangu Jumatatu mpaka tulipoongea ulituma maombi mangapi?"

"Manne."

"Ulinitajia majina matatu."

"Uliomba majina," alisema Tharsisi. "Wa nne hana jina. Kitovu chake hakijaanguka."

Herieth alisimama, akaufunga mlango wa ofisi, akarudi kukaa. Mtoto alikuwa amezaliwa Jumapili jioni, mama yake ni Ernesta. Kwa desturi za hapo mtoto hapewi jina mpaka kitovu kianguke, na kabla ya hapo ni mtoto tu, wala hakuna anayeona amepungukiwa. Fomu ilidai jina la mgonjwa. Tharsisi alibonyeza kitufe cha nafasi, fomu ikadhani imeandikwa kitu, ikakubali, ikatoa tiki. Mfumo wa ghala ukapokea jina tupu na kulikataa, kwa siku nne, mara maelfu. Herieth alimuuliza kwa nini hakuandika hata Mtoto wa Ernesta, na sauti yake ilitoka kali kuliko alivyokusudia. Mzee akamjibu taratibu kwamba kwenye semina ya Januari, yeye mwenyewe dada wa mfumo ndiye aliyewakataza. Aliwaambia kuna kituo waliandika Mtoto kwa watoto wawili, dawa zikapishana, basi kuanzia siku hiyo pasiandikwe jina ambalo si la mgonjwa mwenyewe. Tharsisi alikuwa amelinakili agizo hilo kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

Herieth alikumbuka. Aliwaandikia ubaoni na kupiga mstari chini yake.

Dawa iliyoombwa ilikuwa ile ya maji ya kumkinga mtoto anayezaliwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi, na inatakiwa ianze kabla siku tatu hazijaisha. Siku tatu ziliisha Jumatano jioni. Jumatano alasiri pikipiki ya Saady ilikuwa imesimama mlangoni kwa Tharsisi na pakiti tatu.

"Nilijua ya mtoto inakuja kesho yake," Tharsisi alisema. "Tiki ilikuwepo. Mama alikuja kila asubuhi, nikawa namwonyesha tiki. Zamani ningepanda baiskeli niende Kasulu mwenyewe."

Hakusema kwa kulaumu, na hilo ndilo lililomuumiza Herieth kuliko kama angefokewa. Dawa ilipelekwa saa ile ile. Dereva alirudi na sahihi ya Tharsisi.

Gasper aliporudi alirekebisha fomu. Haikubali tena nafasi tupu, na watoto wachanga wana kisanduku chao. Akaweka pia ile foleni ya pembeni, ikachukua dakika kumi na tano. Herieth alitumwa kwenye vituo kufundisha mabadiliko, na hivyo wiki ya tatu akafika Kitanga. Alikuta karatasi ya semina bado iko ukutani. Aliibandua mwenyewe, hakuna aliyemuuliza kitu.

Ernesta alikuwa kwenye benchi, mtoto mgongoni. Tharsisi alimtambulisha mgeni kuwa ndiye anayehangaika na dawa kutoka Kibondo. Mwanamke yule akainuka, akamsalimia kwa Kiha, mwakeye, akaishika mikono yake yote miwili. Akamshukuru. Alisema wengine wasingekumbuka mtoto wa huku bondeni. Kitovu kilikuwa kimeanguka na jina limepatikana: Nkunzimana. Alimgeuza ili aonekane uso, na Herieth akamtazama mtoto aliyelala mdomo wazi, akasema ni mzuri, kwa sababu alikuwa mzuri na kwa sababu hakuwa na neno jingine. Alitaka kukiri. Alimtazama Tharsisi, na mzee akatikisa kichwa kidogo sana. Njia nzima ya kurudi Herieth alijichukia kwa kunyamaza, na alijua angejichukia vile vile kama angesema.

Mtoto alipotimiza wiki sita alitolewa damu ili apimwe kama ameambukizwa. Herieth alijua kwa sababu alikuwa amezungushia tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Majibu ya watoto hutoka maabara Kasulu na kurudi zahanati kwa foleni nyingine, nayo ikiwa chini yake, nayo kwa macho tu. Aliyajua majibu yanavyosafiri, saa yanapotoka na sekunde yanazochukua. Hakuwa na haki ya kujua yanasema nini. Majibu ni ya mama, na kiapo cha siri alichosaini kilisema hivyo kwa maneno mazito. Kumpigia Tharsisi na kuuliza kungekuwa kosa, na Tharsisi hakuwa mtu wa kumwingiza mwenzake kwenye kosa.

Alhamisi moja, siku ya majibu, Tharsisi alimpigia kuuliza kama mtandao uko sawa, maana kuna mtoto mmoja tu wa kwake anayesubiriwa na mama ameshafika. Herieth akamwambia mtandao uko sawa. Akavuta kiti.

Saa tano na dakika ishirini namba ya Kitanga ikawa moja. Herieth aliigusa skrini kwa kidole, pale pale kwenye namba, kama ingeweza kufunguka. Ilikaa kwa muda wa kumeza mate mara mbili, kisha ikawa sifuri. Kila kitu kilikuwa kimefanya kazi ipasavyo. Kule Kitanga Tharsisi alikuwa anamsomea Ernesta, na Herieth alibaki ameishika simu mpaka saa ya kufunga ofisi, akingoja iite, ingawa hakuna mtu aliyemwahidi kumpigia.