Kaye ya Tai wa Mabwawa

Yaya, kaka yangu mkubwa, alichimba mabwawa matatu ya samaki bondeni, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka mtaani kwetu Beu. Kando ya bwawa la chini ulisimama mti mrefu uliokauka ncha, na tai wawili wa samaki walikuwa wamejenga humo kiota cha vijiti, kikubwa kama kitanda. Watu walimwambia awaue kwa kuwa walikula tilapia zake. Alikataa. Alisema walifika kabla yake.

Jike alikuwa na pete mguuni. Mwalimu aliyemfundisha yaya zamani huko Lubero alimweleza kwamba ng'ambo ya mpaka kuna watu wanaovalisha ndege pete, ili wajue wanaishi miaka mingapi na wanafika wapi. Alimwambia asome herufi za pete, aandike kila siku ndege wanatoka na kurudi saa ngapi, mpaka watoto waruke, kisha amletee hayo maandishi. Yaya akanunua jumelle, darubini kuukuu ya macho mawili, jicho moja lina ufa. Mwandiko wake ulikuwa mbovu, na mimi nilifika darasa la pili la sekondari. Kwa hiyo yeye alitazama, mimi niliandika katika kaye, daftari la shule.

Herufi zilituchukua majuma matatu. Tai akitulia huficha mguu ndani ya manyoya, na akiwinda pete hujaa damu na magamba. Tulizisoma asubuhi moja alipotua ukingoni na kambare mzima, akaanza kumrarua kichwa huku mkia ukiendelea kupiga matope. K, saba, D. Yaya alirukaruka kama mtu aliyepata mtoto.

Makinda yalikuwa mawili. Lile kubwa lilidonoa dogo kila chakula kilipofika, mpaka mgongo wake ukabaki nyama tupu, na mama yao alisimama palepale akitazama. Siku ya nne tulilikuta dogo chini ya mti, siafu wamekwisha kulifikia. Niliandika: "Mdogo amekufa. Mkubwa anakula vizuri."

Juma hilohilo watu wa msituni waliingia vijiji vya upande wa pili wa bonde. Waliua kwa mapanga na mashoka. Waliosalia walipita mtaani kwetu wakibeba magodoro. Mama mmoja alikuwa amefungwa kitambaa mahali palipokuwa na sikio. Vijana wa mtaa wakafunga barabara kwa bariyeri, kuwatafuta wale wanaowaonyesha wauaji njia. Siku ya pili walimchoma mtu pale. Hakuna aliyejua alikuwa nani. Nilipopita nilikiona kiatu chake.

Tungeacha kwenda bondeni. Lakini majuma yalipopita kinda lilianza kupiga mabawa kwenye ukingo wa kiota, na yaya alitaka mstari wa mwisho wa kumpelekea mwalimu. Mimi pia niliutaka. Sitasema alinilazimisha.

Tulirudi karibu saa nne asubuhi. Yaya alitangulia, jumelle shingoni, kaye ndani ya shati. Mimi nilikuwa nyuma na beseni la samaki kichwani. Kwenye bariyeri vijana walimsimamisha yeye.

"Muzee, jumelle ni ya nini?"

"Ya kuangalia ndege, bandugu yangu."

Mmoja akachomoa kaye, akasoma kwa sauti: "'Baba ametoka saa kumi na mbili. Mama amebaki. Baba amerudi saa tatu na nyama.' Baba huyu ni nani? Banalala wapi?"

"Ni tai. Mama ndiye iko na pete. Herufi ni zile."

"Ndege iko na pete!" Walicheka mpaka mmoja akashika tumbo. "Ilifunga ndoa ku kanisa gani? Padri alikuwa bata?"

Kicheko kikaisha. "Hizi ni code. Nani aliandika?"

"Ni mimi."

Wakampa kalamu. "Andika hapa: baba ametoka."

Aliandika. Herufi zake zilikuwa kubwa na zimelala, zangu ndogo na zimesimama. Hata asiyesoma angeona.

"Hapana mwandiko ule. Muongo weye. Nani aliandika?"

"Ni mimi."

Walimpiga ubapa wa panga shingoni. Wakauliza tena, akasema ni yeye. Wakampiga mdomoni kwa jiwe. Hakunitazama hata mara moja. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake, maji ya samaki yakinitiririka mgongoni, na maneno yalikuwa tayari kinywani: nimeandika mimi, ni ndege, twendeni niwaonyeshe kiota. Kiota kilikuwepo. Saa moja ya kutembea, wangekiona.

Mmoja akanigeukia. "Na weye, mama, unamujua huyu?"

"Hapana," nikasema. "Miye nauzisha samaki tu."

Wakanipisha.

Nilipita, nikajificha nyuma ya ukuta wa duka lililofungwa, nikasikia yote. Wanajeshi walifika wakapiga risasi hewani, vijana wakakimbia. Yaya aliishi hospitalini mpaka jioni ya kesho yake. Taya lilikuwa limevunjika, hakuweza kusema neno.

Msibani watu walisema nilimkuta amekwisha kupigwa. Niliwaacha waseme. Baadaye mimi na mke wa yaya tulihamia Butembo, katika chumba kimoja mtaa wa Mususa. Siku moja mchana tulikuwa tunachambua maharagwe, nikaona siwezi tena kuketi karibu naye.

"Wifi," nikasema, "kaye niliandika mimi. Nilikuwa pale. Waliniuliza, nikasema simjui."

Alinipiga kofi. Kisha akachukua ungo akanipiga nao kichwani na mabegani mpaka ukapasuka, maharagwe yakatawanyika sakafu nzima. Sikujikinga. Alipochoka aliketi chini, akihema.

"Banasemaka hakulia," akasema. "Alilia?"

"Alilia."

"Aliniita?"

Ningeweza kumpa hilo. "Hapana. Alimwita mama yetu."

Kisha akaanza kuokota maharagwe, moja moja. Nilipoinama kumsaidia aliusukuma mkono wangu, bila nguvu, akaendelea kuokota peke yake.