Fundi wa Chini ya Daraja

Yule mama anayeziba pancha chini ya daraja, kwenye njia ya baiskeli inayouzunguka mji wetu wa Tucson, ana mikono myepesi ajabu. Miiba ya jangwani haimwachi akae bure. Kila asubuhi, kabla ya kazi, huifuta vumbi baiskeli nyeupe ya ukumbusho iliyofungwa pale alipodondoka mwanawe kwa joto, akafa. Juni hii, joto likiwa limepamba moto, mwendesha baiskeli mmoja, Ramiro Bracamonte, alimletea gurudumu lenye pancha, akitaka kumaliza mzunguko mzima na chupa moja ya maji.

“Chukua na yangu, baba.”

“Mzigo wa nini? Mimi na jua hili tumekua pamoja. Ziba tu, mama!”

Akaziba upesi. Halafu mimi, niliyekuwa nikisubiri zamu yangu, nikamwona akibonyeza kwa siri valvu ya tairi kwa ukucha, upepo ukatoka taratibu. Akajaza tena, akautoa tena, mpaka jua likawa kali mno, Ramiro akampigia mkewe simu aje na gari.

“Mikono yako imekwisha, mama. Wenzangu wote nitawaambia wasije kwako.”

“Waambie, baba,” alijibu, huku akimsaidia kupakia baiskeli.