Viti Uani

Harufu ya rangi mbichi ya ukutani huwaumiza wengi kichwa. Mimi hunituliza moyo. Ilianza nilipokuwa na miaka tisa, pale mtaani Bel-Air, mama alipoamua kwamba sebule yetu iwe ya mtindo wa kisasa wa Kiingereza. Dada yake anayeishi Uingereza alikuwa amemtumia picha kwa simu: kuta za kijivu, kochi la buluu lenye vifungo mgongoni, na meko ukutani. Meko sebuleni! Tulimcheka, lakini mama akishaamua jambo hashikiki. Vitambaa vya kufuma vikaondoka mezani, sahani ya shaba yenye tembo ikashushwa, na fundi akaitwa aje Jumanne. Mimi hakuna aliyeniambia.

Jumanne hiyo nilirudi kutoka shule nikakuta viti vyetu vyote vimetolewa uani. Kwetu Lubumbashi viti havitolewi ovyo. Nyumba ikifiwa, sebule huachwa tupu, magodoro hutandikwa sakafuni, na wanawake hukaa humo kuomboleza. Wiki mbili kabla ya hapo niliona viti vya jirani mmoja vikitolewa hivyo hivyo, baada ya udongo kumfukia mwanawe mgodini. Na papa, baba yangu, alikuwa kazini mgodini. Niliogopa hata kuingia ndani kuuliza. Nilivuka barabara hadi kwa Mama Kapinga, rafiki mkubwa wa mama, nikamwambia, "Papa alikufa."

Mama Kapinga hakuuliza mara mbili. Alijifunga kitenge kiunoni, akapiga ukelele, na tulipofika langoni kwetu wanawake saba walikuwa nyuma yetu wakilia. Mama alitoka na brashi mkononi, kijivu hadi viwikoni, maana alikuwa akimfundisha fundi kazi yake. "Munalilia nani?" Mama Kapinga akamkumbatia. "Bwana yako, Mama Ngoie! Bwana yako!" Nilingoja mama akatae. Badala yake brashi ilimwanguka, akaketi kwenye vumbi jekundu, akaanza kulia. Hapo nikajua ni kweli. Kumbe yeye alikuwa anatuamini sisi, nami nilikuwa namwamini yeye. Tulimpigia papa simu mara nyingi, haikupatikana. Huko shimoni mtandao haufiki. Tulilia mpaka saa kumi na moja jioni.

Saa hiyo papa akaingia langoni, kofia ya kazi kwapani. "Iko nini hapa? Nani alikufa?" Mama Kapinga akamnyooshea kidole. "Ni weye," akasema. Mama alimrukia, akampaka kijivu shingoni na kifuani. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilizika uso wangu kwenye shati lake, nikavuta ile harufu ya rangi, nikamng'ang'ania.

Leo nina sebule yangu mtaani Makomeno. Nikipaka rangi sitoi hata kiti kimoja. Nafunika kila kitu kwa mashuka na kukisukuma huku na huku, fundi akinung'unika. Mwaka jana kaka yangu alinipigia simu niende Bel-Air haraka, bila kusema sababu. Nilikuta kochi la buluu uani. Nilisimama mlangoni, mwanamke mzima, nikavuta pumzi kwa nguvu nikiitafuta harufu ya rangi. Palinuka magodoro tu yaliyotandikwa ndani, na safari hii papa hakuingia langoni.